Kalenda ya Mdudu na Kalenda ya Dola: Mizunguko ya Maisha ya Visumbufu vya Mazao katika Historia ya Kilimo cha Nachingwea na Ruangwa, 1907–2018

IKISIRI

Insha hii inachunguza nafasi ya wadudu na utitiri waharibifu katika historia ya kilimo cha wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Hoja yake kuu ni kwamba mzunguko wa maisha wa kisumbufu, yaani muda wake wa kuzaliwa, kukua na kuzaliana, ni kipimo cha kihistoria kinachoweza kueleza kwa nini baadhi ya mipango ya kilimo ilishindwa na mingine ikafanikiwa. Mazao matatu yametumika kama mifano: karanga wakati wa Mpango wa Karanga wa Waingereza, korosho kabla na baada ya Operesheni Vijiji, na muhogo baada ya kuingia kwa visumbufu kutoka Amerika ya Kusini. Katika mifano yote mitatu, madhara yalikua pale kalenda ya dola ilipompokonya mkulima uwezo wa kutenda kwa wakati. Insha inahitimisha kwamba maelezo yanayomtwika mkulima lawama ya uzembe hayana budi kupimwa upya kwa ushahidi wa kibaiolojia.

1.0 Utangulizi

Historia ya kilimo cha kusini mwa Tanzania imeandikwa kwa kawaida kama historia ya sera, bei, reli na masoko. Katika mkabala huo, mdudu hutajwa kwa sentensi moja, kama vile ukame au mafuriko, kisha mwandishi hurejea kwenye masuala ya utawala. Mkusanyiko wa makala uliohaririwa na Pekka Seppälä na Bertha Koda mwaka 1998 ulionesha jinsi kusini ilivyofanywa kuwa pembezoni mwa taifa, kiuchumi na kifikra. Hata hivyo, swali la jinsi viumbe wadogo wa shambani walivyoshiriki katika kuijenga hali hiyo bado halijapewa uzito unaostahili.

Msingi wa kinadharia wa insha hii unatokana na hoja ya Helge Kjekshus, aliyedai mwaka 1977 kwamba jamii za Tanganyika kabla ya ukoloni zilikuwa zimejenga udhibiti wa ikolojia, na kwamba udhibiti huo ulivunjika katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 kutokana na vita, maradhi ya mifugo na watu, na kupanuka kwa maeneo ya mbung'o. Juhani Koponen, katika kitabu chake cha mwaka 1988, aliipunguza makali hoja hiyo kwa kuonesha kwamba maisha ya kabla ya ukoloni nayo yalikuwa na njaa na maradhi yake. Insha hii inachukua tahadhari ya Koponen, lakini inabaki na swali la Kjekshus: nani alikuwa na uwezo wa kuyatawala mazingira, na uwezo huo ulipotea lini? Jibu linalopendekezwa ni kwamba, kwa upande wa visumbufu vya mazao, kuyatawala mazingira ni kuutawala wakati. Mkulima anayeweza kuchagua siku ya kupanda, kupalilia na kung'oa masalia ana silaha. Anayepangiwa siku hizo na mtu mwingine amenyang'anywa silaha hiyo.

2.0 Mazingira na Kalenda ya Kilimo

Nachingwea na Ruangwa ziko bara ya mji wa Lindi, kati ya bonde la mto Mbwemkuru upande wa kaskazini na bonde la Lukuledi upande wa kusini. Wenyeji wengi ni Wamwera, wakiishi pamoja na Wamakonde, Wamakua, Wayao na wengineo. Eneo lina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mara nyingi hutokea kipindi cha jua kali kati ya Januari na Februari, na kipindi hicho ndicho humtia mkulima wasiwasi kuliko kingine chochote.

Shughuli za shambani zinafuata mpangilio huo. Mashamba huandaliwa kuanzia Septemba; mahindi, mtama, karanga na kunde hupandwa mvua zinapoanza; ufuta hufuata baadaye; karanga huvunwa Aprili na Mei. Mvua zinapokoma, mikorosho hutoa machipukizi mapya, huchanua kati ya Juni na Septemba, na mavuno yake huendelea hadi Desemba au Januari. Mbaazi hubaki mashambani zikiwa na majani mabichi wakati nyasi zimekauka. Muhogo hukaa ardhini mwaka mzima na zaidi.

Mpangilio huu una maana kubwa kwa mdudu. Wadudu wengi wa nchi za joto hawana kipindi kirefu cha kulala kama wale wa nchi za baridi. Wanachohitaji ni mmea mbichi wa kuwavusha kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Karanga zilizojiotea baada ya mavuno, mbaazi za kiangazi na majani machanga ya muhogo ni daraja la kijani. Kulikata daraja hilo, au kuliacha, ni uamuzi wa mwanadamu, na hapo ndipo historia ya mdudu inapokutana na historia ya watu.

3.0 Kidukari na Mpango wa Karanga

3.1 Maisha ya kidukari wa karanga

Ugonjwa wa ukoma wa karanga unaojulikana kitaalamu kama rozeti ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1907 na Zimmermann, mtaalamu wa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mmea ulioambukizwa hudumaa, majani yake hukusanyika kama ua lililofumba, na ukiambukizwa mapema hautoi karanga za maana. Mwaka 1928, H. H. Storey na A. M. Bottomley walichapisha nchini Uingereza matokeo ya utafiti uliofanyika Afrika Kusini, yakionesha kwamba ugonjwa huo huenezwa na kidukari, ambaye jina lake la kisayansi leo ni Aphis craccivora.

Maisha ya kidukari huyo yanaeleza kasi ya maangamizi. Katika maeneo ya joto, majike huzaa bila kupandwa na dume, na huzaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai. Mtoto hujivua ngozi mara nne, na hali ya hewa ikiwa nzuri hukomaa kwa muda wa takribani wiki moja, kisha naye huanza kuzaa. Tukichukulia kwa mfano tu kwamba kila jike anafanikiwa kuzaa watoto 50, kidukari mmoja aliyetua shambani atakuwa na wajukuu 2,500 katika muda unaokaribia nusu mwezi. Koloni linaposongamana, au mmea unapoanza kunyauka, huzaliwa vidukari wenye mabawa ambao huhama na upepo kwenda mimea mingine. Kwa hiyo, kidukari asiye na mabawa huongeza idadi, na mwenye mabawa hueneza ugonjwa.

Jambo jingine la msingi ni kwamba virusi vya rozeti havirithiwi kupitia mbegu. Karanga iliyochukuliwa kwenye shamba lililougua huota ikiwa safi. Maambukizi ya kila msimu huanzia kwa vidukari wenye mabawa wanaotoka kwenye mimea iliyobaki hai, hasa karanga zilizojiotea. Utafiti wa mashambani uliofanywa Tanganyika na A. C. Evans, na kuchapishwa mwaka 1954, uliweka bayana kwamba kupanda mapema na kwa kubananisha hupunguza ugonjwa. Sababu ni mbili. Mmea uliopandwa mapema huwa umekwisha kukua kabla ya wimbi kubwa la vidukari. Na mimea iliyobanana hufunika udongo haraka, ilhali kidukari anayeruka huvutiwa zaidi na mmea mmoja mmoja unaoonekana dhidi ya ardhi tupu.

3.2 Mashine na mvua

Mwezi Februari 1947 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kulima karanga kwa mashine katika Afrika Mashariki na ya Kati ili kuziba uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wazo lilikuwa limetolewa mwaka uliotangulia na Frank Samuel wa kampuni ya United Africa Company, na kuchunguzwa na ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Mpango ulikusudia mashamba 107, kila moja likiwa na ekari 30,000, na 80 kati yake yangekuwa Tanganyika. Sehemu kubwa zaidi ilitengewa Jimbo la Kusini, na Nachingwea ikawa makao yake. Shirika la umma la Overseas Food Corporation lilichukua uendeshaji mwaka 1948. Bandari ya kina kirefu ilijengwa Mtwara, na reli ikafikishwa Nachingwea.

Sababu za kuanguka kwa mpango huo zinajulikana: visiki na mizizi iliyovunja mashine, udongo ulioshindiliwa ukawa mgumu, mvua zisizotabirika, uhaba wa vipuri na gharama zisizodhibitiwa. Mapema mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilikiri hasara ya takribani pauni milioni 36. Insha hii haidai kwamba kidukari ndiye aliyeuangusha mpango. Inachodai ni kwamba mpango ulijengwa kinyume na kila sharti ambalo maisha ya kidukari yanamwekea mlima karanga.

Kwanza, tarehe ya kupanda iliamuliwa na maendeleo ya ufyekaji. Trekta lililoharibika Desemba lilisogeza upandaji hadi Januari. Kwa mhasibu, huko kulikuwa kuchelewa kwa wiki tatu. Kwa kidukari, wiki tatu ni vizazi viwili au vitatu. Pili, nafasi kati ya mistari ilipaswa kuruhusu mashine kupita, na nafasi pana huacha ardhi wazi ambayo kidukari huitafuta. Tatu, uvunaji wa mashine katika udongo mgumu huacha karanga nyingi ardhini, na karanga hizo huota mvua za kwanza zinaponyesha, kabla ya zao jipya kupandwa. Shamba lenyewe likawa daraja la kijani.

Mkulima wa Kimwera aliyekuwa jirani na mashamba hayo alipanda kwa jembe la mkono, mvua zilipoanza, katika kishamba kidogo kilichochanganya karanga na mahindi, mtama au muhogo, na karanga zilizobaki ardhini zilichimbwa na kuliwa. Kilimo chake kiliitwa duni katika nyaraka za kuhalalisha mpango. Ajabu ni kwamba utafiti uliodhaminiwa na juhudi hizohizo za kikoloni ulithibitisha kanuni mbili zilizokuwa tayari ndani ya desturi yake: kuwahi mvua na kuifunika ardhi. Baada ya shughuli za Nachingwea kupunguzwa na kuhamishiwa Tanganyika Agricultural Corporation katikati ya miaka ya 1950, wapangaji Waafrika waligawiwa mashamba chini ya uangalizi. Reli nayo ilifungwa mapema katika miaka ya 1960. Kituo cha utafiti cha Nachingwea kilidumu, na baadaye kikawa kituo kidogo chini ya Naliendele, Mtwara. Karanga zimeendelea kuwa miongoni mwa mazao yake makuu.

4.0 Mbu wa Mikorosho, Kunguni na Operesheni Vijiji

4.1 Wadudu wanaofyonza

Mkorosho uliletwa pwani ya Afrika ya Mashariki na Wareno katika karne ya 16, lakini ulikuwa zao kuu la biashara kusini mwa Tanzania katika karne ya 20 tu. Maadui wake wawili muhimu miongoni mwa wadudu ni mbu wa mikorosho, wa jamii ya Helopeltis, na kunguni wa minazi, Pseudotheraptus wayi.

Mbu wa mikorosho si mbu wa malaria. Ameitwa hivyo kwa sababu ya umbo lake jembamba na miguu yake mirefu. Jike hupenyeza mayai ndani ya ngozi laini ya chipukizi, na nje huonekana nywele mbili tu nyembamba ambazo yai hupumulia. Yai huanguliwa baada ya wiki moja au zaidi kidogo. Tunutu, yaani mdudu mchanga ambaye mabawa yake hayajakamilika, hupitia hatua tano kwa takribani wiki mbili kabla ya kukomaa. Mzunguko mzima, kutoka yai hadi yai, huchukua kama mwezi mmoja. Tunutu na mkubwa wote hufyonza machipukizi na kuingiza mate yenye sumu. Panapofyonzwa hutokea kovu jeusi, na chipukizi hukauka kama lililounguzwa na moto. Kwa kuwa ua la mkorosho hutokea kwenye ncha ya chipukizi, chipukizi likifa, korosho imekufa kabla ya kuzaliwa.

Kunguni huja baadaye. Hutaga mayai yake moja moja juu ya maua na matunda machanga. Tunutu wake nao hupitia hatua tano, na mzunguko wake ni mrefu zaidi, takribani wiki tano hadi sita. Korosho changa iliyofyonzwa husinyaa na kudondoka. Iliyokomaa kidogo hubaki mtini, lakini kiini chake huwa na madoa yanayoshusha daraja lake sokoni. Hivyo wadudu hawa wawili wamegawana msimu: mmoja huvizia chipukizi, mwingine huvizia tunda.

Jina la kisayansi la kunguni huyo lina historia ndani yake. Katika miaka ya 1950 M. J. Way alifanya kazi Zanzibar kuchunguza ugonjwa uliosababisha nazi changa kutoa utomvu na kudondoka, ambao chanzo chake kilikuwa na utata. Alionesha kwamba chanzo ni kunguni, na kwamba minazi inayokaliwa na maji moto, yaani siafu wekundu wa mitini waitwao Oecophylla longinoda, huwa salama, kwa sababu chungu hao humfukuza na kumwinda kunguni. Mdudu alipewa jina la wayi mwaka 1955 kwa heshima yake. Katika miaka ya 2010, watafiti wa Naliendele na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo waliichukua hoja hiyo na kuipeleka kwenye mikorosho, wakaona kwamba miti yenye maji moto hushambuliwa kidogo zaidi na mbu na kunguni. Wakulima hawakuwa wageni wa jambo hilo. Shida yao ni kwamba maji moto huuma vibaya wakati wa kuokota korosho, na wengi waliyachoma viota.

4.2 Kuhamishwa kwa mkulima

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha takribani tani 145,000 za korosho ghafi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 20,000 katika misimu mibaya. Watafiti wametaja sababu kadhaa: bei ndogo waliyolipwa wakulima na mamlaka ya zao iliyoundwa mwaka 1973, kuvunjwa kwa vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, kuzeeka na kusongamana kwa miti, ugonjwa wa ubwiriunga ulioripotiwa nchini mwaka 1979, na Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976.

Mjadala umekuwa juu ya uzito wa kila sababu. Mzunguko wa maisha wa wadudu unatoa njia ya kuziunganisha. Mkorosho uliotunzwa hufyekewa chini kabla ya machipukizi, hupunguziwa matawi, na hukaguliwa kila mkulima anapopita kwenda kuchimba muhogo. Mkulima aliyehamishiwa kijijini, kilomita kadhaa kutoka kwenye mikorosho yake, hakupoteza miti. Alipoteza mazoea ya kuipitia. Mbu wa mikorosho mwenye mzunguko wa mwezi mmoja anaweza kukamilisha vizazi vitatu au vinne kati ya Juni na Septemba. Anayeitembelea miti yake kila juma atawaona tunutu wa kizazi cha kwanza wakiwa wachache. Anayekwenda mara moja, wakati wa kuokota, atakuta machipukizi yamekwisha kuungua. Pori lililoota chini ya miti, na matawi yaliyosongamana, viliwapa wadudu kivuli, na ubwiriunga ulipokuja ulikuta hali hiyohiyo.

Bei nayo inaingia hapa. Ufyekaji ni kazi ya Aprili hadi Juni. Malipo hupatikana baada ya mauzo, miezi sita au zaidi baadaye. Bei ikiwa ndogo na malipo yakichelewa, uamuzi wa kutofyeka si uvivu bali ni hesabu. Mkulima aliyeelekeza nguvu zake kwenye mahindi na muhogo wa familia alikuwa akichagua chakula mbele ya ahadi.

4.3 Salfa na makosa ya utambuzi

Kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa Naliendele walisisitiza matumizi ya unga wa salfa dhidi ya ubwiriunga, na mafanikio yalikuwa makubwa. Pamoja na miche bora, uhuru wa soko wa miaka ya 1990 na mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, uzalishaji ulipanda hadi kufikia takribani tani 313,000 msimu wa 2017/18. Chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kilikuwa sehemu ya mfumo huo.

Hata hivyo, salfa haiui mbu wa mikorosho. Ubwiriunga huacha unga wa kijivu na mweupe juu ya maua na majani machanga. Mbu huacha makovu meusi na ncha zilizokauka. Mkulima anayeona maua yamekufa na kupulizia salfa juu ya shambulio la mbu hutumia fedha bila kupona. Kosa hili linafanana na lile la Zanzibar kabla ya Way: kazi ya mdudu kuchukuliwa kuwa ugonjwa. Aidha, kipulizio cha sumu ya wadudu kikitumiwa ovyo huua pia maji moto, na mti hubaki bila mlinzi.

Ni lazima kukiri pia kwamba desturi ya wakulima haikuwa sahihi kila mahali. Mbaazi, ambayo hupandwa kwa wingi Nachingwea na Ruangwa na huchanganywa na mikorosho michanga, ni mmea unaomhifadhi mbu wa mikorosho. Mseto uliomzuia kidukari kwenye karanga unaweza kumlisha mbu kwenye korosho. Ujuzi wa jadi, kama ujuzi wa maabara, una mipaka ya zao na ya mdudu.

5.0 Utitiri na Kidung'ata: Wageni wa Muhogo

Mfano wa tatu ni mfupi, lakini unapanua hoja. Muhogo ni akiba ya njaa ya kusini, na kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa zao lisilo na adui mkubwa wa kufyonza. Hali ilibadilika pale visumbufu viwili vilipofika Afrika kutoka Amerika ya Kusini bila maadui wao wa asili. Utitiri wa kijani wa muhogo, Mononychellus tanajoa, uligunduliwa Uganda mwaka 1971 na kuenea Tanzania katika miaka iliyofuata. Kidung'ata wa muhogo, Phenacoccus manihoti, alionekana katika eneo la mto Kongo mwaka 1973 na kufika Tanzania katika miaka ya 1980.

Utitiri si mdudu. Ni jamaa wa buibui. Yai lake huanguliwa na kutoa kiumbe mwenye miguu sita, ambaye hupitia hatua mbili za ujana akiwa na miguu minane, kisha hukomaa. Mzunguko huo huchukua takribani wiki mbili, nao hushamiri kiangazi, wakati majani machanga ya muhogo ni miongoni mwa mimea michache mibichi. Kidung'ata naye ni jike mtupu: huzaa bila dume, na hutaga mayai kwa mamia ndani ya kifuko cheupe mithili ya pamba. Wote husafiri kwa njia mbili: upepo, na pingili za mbegu zinazobebwa na binadamu.

Njia hiyo ya pili ndiyo yenye uzito wa kihistoria. Muhogo haupandwi kwa mbegu bali kwa pingili, na kila kijiji kipya, kila shamba lililoanzishwa upya, huhitaji pingili kutoka mahali pengine. Utitiri ulienea nchini katika muongo uleule ambao mamilioni ya Watanzania walihamishwa na kulazimika kuanzisha mashamba mapya. Dola iliyohimiza kilimo cha muhogo kama kinga ya njaa ilihimiza pia, pasipo kukusudia, usafirishaji wa njia ya kisumbufu.

Ufumbuzi nao ulitokana na mizunguko ya maisha. Nyigu mdogo Apoanagyrus lopezi, aliyepatikana Paraguay na kuachiliwa Nigeria mwaka 1981 chini ya mradi ulioongozwa na Hans Herren, hutaga ndani ya mwili wa kidung'ata, na kizazi chake hukamilika kwa muda mfupi kuliko kile cha windo lake. Kwa sababu hiyo humfikia na kumpita. Dhidi ya utitiri, aliachiliwa utitiri mwindaji kutoka Brazili, Typhlodromalus aripo, nchini Benin mwaka 1993. Herren alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Tofauti na salfa, ulinzi huu haukumtaka mkulima anunue kitu wala asubiri gari la pembejeo.

6.0 Mjadala

Mifano hii mitatu inatofautiana kwa zao, kipindi na aina ya utawala, lakini inakutana katika jambo moja. Kila kisumbufu kina muda wake wa udhaifu: kidukari kabla hajaota mabawa, mbu wa mikorosho katika kizazi chake cha kwanza cha msimu, utitiri ukiwa bado kwenye pingili kabla ya kupandwa. Muda huo hupimwa kwa siku na majuma. Dola, iwe ya kikoloni au huru, hupanga kwa mwaka wa fedha na kwa msimu wa mauzo. Aliyekuwa na uwezo wa kutenda ndani ya majuma hayo ni mtu aliyeko shambani, na sera zilizochunguzwa hapa zilimwondoa, zilimchelewesha au zilimfanya asione faida ya kutenda.

Mpango wa Karanga ulimwondoa mkulima na kuweka mashine. Operesheni Vijiji ilimwacha na haki ya miti lakini ikamtenga nayo. Bei za mamlaka ya zao zilimnyima sababu ya kufyeka. Mafanikio, kwa upande mwingine, yalipatikana pale ambapo suluhisho lilikubali kalenda ya mdudu: upandaji wa mapema, usafi wa shamba kabla ya machipukizi, maji moto yaliyoachwa mtini, nyigu aliyeachiliwa hewani.

Inaweza kupingwa kwamba mkabala huu unamfanya mdudu kuwa mhusika mkuu na kuwapunguzia watawala lawama. Kinyume chake ndicho sahihi. Muda wa kizazi cha kidukari au cha mbu umebaki uleule kwa kadiri ya joto na chakula. Kilichobadilika ni mpangilio wa watu, ardhi na kazi. Kwa kuwa kipimo cha mdudu hakiyumbi, kinasaidia kuona wazi ni uamuzi upi wa binadamu uliogeuza kisumbufu cha kawaida kuwa janga.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba mizunguko ya maisha ya kidukari wa karanga, mbu na kunguni wa mikorosho, na utitiri na kidung'ata wa muhogo ni ushahidi wa kihistoria, si maelezo ya pembeni yanayowahusu wataalamu wa wadudu pekee. Kwa kuisoma pamoja na kalenda za utawala, mtafiti anaweza kupima dai lililorudiwa mara nyingi, kwamba kilimo cha kusini kilizorota kwa sababu ya uzembe wa wakulima. Ushahidi wa Nachingwea na Ruangwa unaelekeza kwingine. Mkulima aliyepewa nafasi ya kuwahi mvua aliwahi. Aliyekuwa karibu na mikorosho yake aliifyekea. Na aliyehamishwa, au aliyelipwa baada ya msimu kupita, alimkuta mdudu amemtangulia.

Inapendekezwa kwamba tafiti zijazo zikusanye masimulizi ya wazee wa Kimwera, Kimakonde na Kiyao kuhusu majina, nyakati na mbinu za kukabiliana na visumbufu, na kuyalinganisha na kumbukumbu za vituo vya utafiti vya Nachingwea na Naliendele. Masimulizi hayo yana kalenda ambayo haijaandikwa katika ripoti yoyote ya mwaka, na wanaoikumbuka wanazidi kupungua.